Zebaki ya Bandu

Wai, 20 Juni 1993

Dada Vatsala,

Shikamoo. Mvua zimeanza, mto Krishna umekwisha kumeza ngazi za chini za hekalu, na paa la jikoni linavuja palepale lilipovuja enzi za Mama. Nalini amerudisha sufuria yake chini ya tone. Anakusalimu wifi yake, anasema ukija uje na machungwa ya Nagpur, ushauri uuache huko huko. Mpe shemeji Govindrao heshima zangu, na Hemant na mkewe.

Sisi wazima, ukiniacha mimi ambaye ni mzima kupita kiasi. Nimefika miaka sitini na moja na kitambi changu sasa humfikia mgonjwa kabla yangu. Kinamsalimia, kinamkaribisha kiti, halafu ndipo naingia mimi. Nywele zimebaki za kumpa kinyozi kisingizio cha kupiga soga. Juzi mama mmoja aliyeniletea magoti yake aliniangalia ninavyohema baada ya kupanda ngazi za zahanati yangu mwenyewe, akaniuliza kwa huruma, "Tabibu, na wewe unatibiwa na nani?"

Hilo swali halikuniachia raha. Nikasema basi, nitatengeneza dawa nyekundu ya Baba. Tangu alipofariki haijatengenezwa humu ndani, nami miaka yote hiyo nimekuwa nikigawa tangawizi na manjano kama mpishi wa harusi. Nikanunua zebaki, nikanunua kiberiti cha salfa, nikasaga vyote pamoja mpaka vikawa unga mweusi, nikautia kwenye chupa iliyofungwa vitambaa na udongo, nikaizika mchangani mpaka shingoni, nikawasha moto chini. Siku nilipoivunja chupa na kuuona ule wekundu umeganda shingoni, Dada, nilipiga kelele kama aliyeshinda bahati nasibu. Nalini alitoka mbio na ndoo ya maji akidhani nimeungua.

Nakutumia kichupa kwa ajili ya magoti. Kiasi cha punje ya mchele, kwa asali, kila asubuhi. Mimi pia nakula. Nimejifanya bango la biashara yangu: watu wataniona nikichanua upya, watapanga foleni. Kwa sasa bango bado lina kitambi.

Mdogo wako,
Bandu


Nagpur, 14 Julai 1993

Bandu,

Marahaba. Barua yako imefika na kichupa kimefika, na shemeji yako amekwisha kukipima kiganjani na kutangaza kwamba ulibandika stempu kupita inavyotakiwa. Yeye aliistaafu posta, posta haijamstaafu yeye. Kila mchana anakaa barazani kumsubiri tarishi, na akija anamkosoa jinsi anavyoubeba mfuko.

Tuna habari njema: Ashwini ni mjamzito. Hemant anatembea kama yeye ndiye aliyebeba. Mimi nimejiapiza kuwa mama mkwe mpole, nikafanikiwa mpaka saa ya chakula cha mchana. Nilimwambia kitunguu hakikatwi hivyo. Akakiweka kisu chini, akanitazama, akacheka. Ana bahati mbaya ya kuolewa kwetu na bahati nzuri ya kuwa na roho kubwa.

Magoti yangu yanatabiri mvua kuliko redio. Kasoro yake ni kwamba yanatabiri hata mvua isiyokuja. Ahsante kwa dawa.

Nina swali moja tu. Uliisaga kwa muda gani? Baba alikuwa akiutoa ule unga mweusi juani, anaugeuza kwa kidole, akiona hata chembe moja inayong'aa anaturudisha kwenye kinu. Nakukumbuka umelala na mchi mkononi, mdomo wazi, na Baba akikumwagia maji. Nauliza tu.

Dada yako,
Vatsala


Wai, 9 Agosti 1993

Dada Vatsala,

Shikamoo. Nilipomsomea Nalini habari za Ashwini alilia kidogo, halafu akaanza kufuma soksi. Ni ndogo sana au ni kubwa sana, sisi wawili hatujaelewana. Mwambie mpwa wangu kwamba mjomba wake atakuja siku ya kumpa mtoto jina, na atakula kwa niaba ya ukoo mzima.

Mambo ya hapa ni ya kuchekesha. Nimenunua viatu vipya vya ngozi vya Kolhapur na kila jioni vinanibana. Nikavirudisha. Mwenye duka anaapa kwamba ngozi haipungui. Mimi nikamwapia kwamba miguu haikui kwa mtu wa umri wangu. Tumenuniana, na sasa navaa ndala za mpira kama mwanafunzi.

Dawa imeshika mji! Unamkumbuka Dhondiba, mcheza mieleka, aliyenibeba siku ile ya sikukuu ya Nyoka akanitupa kwenye udongo mbele ya shule nzima ya wasichana? Sasa ni mzee mwenzangu, na ndiye mteja wangu mkubwa. Anadai amerudi kumbeba ndama. Nilimwambia punje ya mchele. Nasikia anakula kama anayeonja mchuzi. Ametangaza kwenye duka la chai kwamba mimi ndiye Baba aliyefufuka. Nimejaribu kukaa kama Baba kwenye kile kiti chake, mgongo wima, jicho moja limefumbwa nusu. Nalini ameniuliza kama nimeingiwa na mdudu jichoni.

Ombi langu: niandikie mistari michache ya kusifu dawa, nitundike ukutani. Mtu akisoma "Mama wa heshima wa Nagpur" ataogopa kubisha bei.

Nimeweka na kifurushi kidogo cha Ashwini. Kipimo cha kifaranga tu, ili mtoto atoke na mifupa.

Bandu


Nagpur, 2 Septemba 1993

Bandu,

Marahaba. Sote salama. Ashwini hatapiki tena.

Mistari uliyoomba ni hii: "Tangu nilipopokea dawa ya mdogo wangu, magoti yangu yapo palepale yalipokuwa, nami ni hai." Unaweza kuitundika.

Kifurushi cha Ashwini kimefika. Kipo mahali salama.

Hujanijibu habari ya kusaga. Tena umeniandikia viatu, hujaniandikia miguu.

Vatsala


Nagpur, 24 Novemba 1993

Bandu mdogo wangu,

Nakuandikia bila kujua kama hii ni barua ya tatu au ya nne bila jibu. Shemeji yako anajua, nami sitaki kumuuliza kwa sababu atanionyesha na stempu. Ardhi ilipotikisika kule Latur nilikutumia kadi. Kimya. Diwali imepita, nimekaanga vitafunio vya watu kumi nikala na watu wanne, na kutoka Wai hata salamu. Umeacha kuandika wewe ambaye ulikuwa unaniandikia hata ukiota jino!

Basi nitasema mimi, kwa kuwa mimi ni mkubwa na kwa kuwa nimechoka kuwa mpole. Upole haunikai mwilini. Ashwini ni shahidi.

Dawa yako niliila, kwa sababu ni yako. Punje ya mchele, asali, uso kuelekea mashariki, kila kitu. Baada ya wiki mbili chai ilianza kuwa na ladha ya sarafu. Nikamlaumu muuza maziwa, nikagombana naye mlangoni mpaka majirani wakatoka. Halafu fizi zikavimba, nikitafuna mkate wa mtama naona damu. Nikaacha dawa. Fizi zikapoa. Muuza maziwa bado hanisemeshi.

Sikukuambia. Nilijiona mjanja, nikakuandikia yale maneno ya ukutani yasiyo uongo wala ukweli. Bibi mzima na mvi zangu, najificha nyuma ya sentensi kama mtoto nyuma ya pazia huku miguu inaonekana.

Ulipoleta kifurushi cha Ashwini, ujanja ukaniisha. Nilikichukua mkononi na sikuweza kukiweka popote ndani ya nyumba. Nikaenda kwa Profesa Khobragade, yule jirani yetu wa nyuma anayefundisha kemia chuoni, nikamwambia, "Profesa, naomba unitazamie hiki." Alikaa nacho wiki kadhaa. Alipokuja alikataa chai, nami nikajua. Akasema, "Mama, humu ndani sehemu kubwa ni zebaki. Nyingi imeshikana na kiberiti. Lakini nyingine haijashikana na kitu, iko huru. Hiki alikuwa ale nani?"

Nikamwambia, "Mke wa mwanangu. Ana mimba."

Alikunywa ile chai aliyoikataa.

Usimpe mtu punje nyingine, Bandu. Nawe usile. Na uniambie miguu ikoje. Nakuuliza miguu, viatu sina haja navyo.

Vatsala


Pune, 6 Desemba 1993

Dada,

Shikamoo. Kama unavyoona hapo juu, sipo Wai. Nipo hospitali, kitanda cha dirishani, mwonekano mzuri wa ukuta. Nalini yuko hapa, anasimamia manesi.

Miguu. Haya. Miguu ilivimba mpaka magoti, halafu uso. Asubuhi nikiamka macho yamefumba yenyewe, Nalini akasema nafanana na yule mungu wetu mwenye kichwa cha tembo, bila baraka zake. Na mkojo, Dada, nisamehe, wewe uliniogesha nikiwa mdogo kwa hiyo nakuambia: ulitoa povu ungeweza kufulia mashuka. Nilikuwa nalitazama kila siku na kujiambia ni joto. Mtu mwingine angekuja na mkojo ule kwenye meza yangu ningemkemea kwa kuchelewa.

Sikukuandikia kwa sababu ningeandika nini? Bango limevimba?

Nalini ndiye aliyeniingiza kwenye basi. Anayenitibu hapa ni mwanamke mdogo tu, Daktari Batliwala, anaweza kuwa mjukuu wangu, ana sauti ya taratibu na haendi haraka. Akaniuliza, "Baba, unatumia dawa gani nyumbani?"

Nikasema, "Situmii."

"Hata za kienyeji?"

"Majani kidogo, ya tumbo."

"Hakuna unga wowote? Vidonge?"

"Mama, mimi mwenyewe ni tabibu," nikasema, nikanyoosha mgongo kama Baba. "Ningekuwa natumia kitu ningejua."

Nalini akaingiza mkono kwenye pindo la sari, akatoa kile kichupa chekundu, akakiweka mezani katikati yetu. "Na hii anayolamba kila asubuhi," akasema, "labda ni ya kusafishia masufuria."

Daktari akakigeuza kwenye mwanga. Uso wake ulibadilika. "Ni nani aliyempa mzee wa watu kitu hiki? Nataka jina lake. Atawapa na wengine."

Nikaangalia ule ukuta wangu wa dirishani.

"Mtajie," Nalini akaniambia. "Si mbali. Yumo humu chumbani."

Sijawahi kutupwa kwenye udongo namna hiyo, hata na Dhondiba.

Nilijitetea, bila shaka. Nikamweleza jinsi zebaki inavyosafishwa, inavyopikwa, inavyopoteza ukali wake. Nikamsomea mistari ya Kisanskriti. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kisha akasema, "Sijui lolote kuhusu hayo mapishi, baba. Ninachokijua ni mkojo wako. Figo zako zinavujisha kitu ambacho zinapaswa kukishika. Ukiacha hii dawa leo, zina nafasi nzuri ya kupona. Usipoacha, tutakutana mara nyingi."

Nimeacha.

Na sasa nijibu swali lako la Julai. Nilisaga kwa mashine. Nilinunua mashine ya umeme ya kusagia pilipili, nikaificha stoo. Nalini hajawahi kuitumia, usiogope. Nilisaga asubuhi, nikaenda kula, nikasema imetosha. Juani sikuutoa. Kulikuwa na mawingu, na mimi nilikuwa na usingizi.

Kwa hiyo unaona kosa liko wapi. Siyo dawa, ni mashine. Nikitoka hapa nitaanza upya, kwa kinu cha Baba, kwa mkono, hata ikichukua majira yote ya kiangazi.

Bandu


Nagpur, 20 Desemba 1993

Bandu,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa Nalini, na umwambie nimemwandalia machungwa mwenyewe. Shemeji yako alipoisoma barua yako alisahau kutazama stempu. Akasema tu, "Mwambie ale bila chumvi." Hiyo ndiyo hotuba ya mapenzi. Tangu nilipoolewa nimeisikia mara chache sana.

Nilicheka kwa lile la masufuria mpaka Ashwini akaja kuona kuna nini. Halafu nikasoma mwisho wa barua na kicheko kikakauka.

Kuna jambo sikukuandikia mwezi uliopita. Nilipokwenda kwa Profesa nilikwenda na vitu viwili. Kimoja ni kifurushi chako. Kingine ni kile kijaluba cha fedha cha Baba, ambacho nilikichukua baada ya mazishi na kukiweka kwenye rafu ya sala, kina unga wake wa mwisho. Ule aliousaga yeye mwenyewe, kwa mkono, akautoa juani.

Profesa anasema katika ule wa Baba hakuona zebaki huru. Nilifurahi kama mjinga. Nikamwambia, "Kwa hiyo wa Baba ni salama!" Akatikisa kichwa. "Mama, sijasema hivyo. Nimesema zebaki yote imeshikana na kiberiti. Lakini bado ni zebaki, na ni nyingi. Mimi nakuambia kilichomo. Kinachofanya ndani ya mtu anayekila miaka na miaka, kemia yangu haifiki huko."

Sasa nisikilize. Unakumbuka mkono wa Baba? Mama alikuwa anammiminia chai nusu kikombe ili asijimwagie. Unakumbuka alivyokuwa anarusha sahani kwa sababu ya chumvi, halafu anakaa peke yake kwa siku nzima akiona haya kumtazama mtu? Tulisema ni ukali wa ukoo wetu wa Gadre. Mimi nilijivunia! Nilipokuwa nawafokea watoto nilikuwa nasema, nimemchukua baba yangu. Labda nilichukua ukali wa chupa.

Sijui, Bandu. Wala wewe hujui. Labda alikuwa mzee anayetetemeka kama wazee wengine. Lakini alikuwa anailamba ile dawa kila asubuhi, na sisi tulikuwa tunaisaga tukiwa wadogo, tukikohoa vumbi lake, na hakuna aliyewahi kuuliza. Usiniambie kosa ni la mashine ya pilipili. Ungependa liwe la mashine. Hata mimi ningependa.

Na mwisho. Umeniandikia kurasa nyingi, zinachekesha, na humo ndani hakuna mgonjwa hata mmoja isipokuwa wewe. Wako wapi wale wengine?

Dada yako,
Vatsala


Wai, 13 Machi 1994

Dada Vatsala,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa cheo kipya cha bibi. Simu ya Hemant kwa mwenye duka la dawa ilifika, na mwenye duka aliikimbiza habari hiyo barabara nzima kabla hajanifikia mimi, kwa hiyo nilipongezwa na muuza mboga ndipo nikajua. Msichana! Soksi za Nalini zimeonekana ni za mguu mmoja mdogo na mguu mmoja mkubwa. Zinakuja hivyo hivyo. Mpe Ashwini pole na hongera.

Mimi nashuka. Uvimbe umekwisha kuondoka usoni na unaondoka miguuni, povu limepungua sana, na Daktari Batliwala amesema neno "vizuri" bila kuongeza neno jingine mbele yake. Nakula bila chumvi, kama alivyoagiza shemeji.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya ile sentensi yako ya mwisho. Niliisoma, nikaikunja, nikaifungua. Siku nzima nilikuwa nakutungia majibu makali, mazuri sana, mengine kwa vina. Hakuna hata moja lililokuwa na jibu ndani yake. Kesho yake nikavaa ndala nikaenda kuikusanya dawa.

Nilidhani kazi itakuwa aibu tu. Kumbe ilikuwa vichekesho. Nyumba ya kwanza, kwa mwalimu Kelkar, nikasema, "Mwalimu, ile dawa nyekundu nirudishie, ina madhara." Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Nani ameiomba?" "Hakuna aliyeiomba. Ni sumu." "Ahaa," akasema, "ni kali." Na akaenda kuificha vizuri zaidi. Kufikia mchana mji wote ulikuwa unajua kwamba kuna mcheza filamu wa Bombay anaitaka, na kwamba mimi nazunguka kuwanyang'anya wanyonge. Kila nilivyozidi kusema ni hatari, ndivyo ilivyozidi kuwa na nguvu. Mama mmoja ambaye hakuwahi kuila alianza siku hiyo. Dada, maisha yangu yote nimetafuta maneno ya kuwafanya watu waamini dawa zangu, kumbe yalikuwa haya: "Tafadhali usile."

Nikarudi tena na Nalini. Yeye alikuwa hasemi. Alikuwa anaingia moja kwa moja jikoni kwa wanawake wenzake, anaeleza habari za mkojo wangu kwa kirefu, bila kuacha kitu, kisha anatoka na kichupa. Sina siri tena katika mji huu. Wasichana wanaochota maji wananiuliza povu likoje. Lakini tulivipata vyote, na tumevipeleka hospitali ambako Daktari alituelekeza pa kuvikabidhi, kwa sababu Nalini alitaka kuvitupa mtoni nami nikamkumbusha kwamba humo tunaoga.

Vyote, isipokuwa cha Dhondiba.

Dhondiba alikataa katakata. Nilimfuata siku ya Sankranti, siku ya kupeana ufuta na sukari guru na kuombana maneno matamu. Alikuwa duka la chai na kundi lake lote. Nikampa ufuta wake. Akautafuna akasema, "Umekuja kunibembeleza, tabibu. Huyo wa Bombay amekuahidi nini?"

"Hakuna wa Bombay. Imeniharibu figo, Dhondiba. Itakuharibu na wewe."

"Wewe ulikuwa umeharibika toka shule," akasema, na duka zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, maana ni kweli.

Halafu sijui nini kilinishika. Maneno yalikuwa yameniisha, na unajua mimi na maneno. Nikapandisha dhoti yangu mpaka gotini, mbele ya watu wote, ule mguu mweupe mnene kama boga, nikakandamiza kidole gumba juu ya muundi. Nikakitoa. Shimo likabaki, refu, kama umeingiza kidole kwenye unga uliokandwa. Halikupanda. Watu wakaacha kucheka, wengine wakasimama kuona.

Dhondiba akainama. Akaingiza gumba lake mwenyewe, lile gumba la mieleka, karibu na la kwangu. Shimo la pili. Akalitazama muda mrefu.

"Huo ni mguu wa mzembe," akasema, lakini taratibu.

Kisha akakaa kwenye benchi, akakunja suruali yake. Akabonyeza. Akatoa kidole. Dada, kwake lilizama zaidi kuliko kwangu.

Akakaa analitazama lile shimo, yule mtu aliyekuwa ananibeba kama mfuko wa vitunguu. Akasema, "Mimi nilidhani misuli imerudi."

Nikaishusha dhoti yangu, nikamwambia kesho tunapanda basi la Pune.

Tulikwenda Pune kwa basi asubuhi yake. Alinunua karanga, akazila zote huku akinitazama. Mbele ya Daktari nilitangulia kusema mimi: kilichomo, jinsi nilivyokisaga, na kwamba nilimuuzia mwenyewe kwa mkono wangu. Figo zake ziko hali mbaya kuliko zangu. Daktari anatarajia zitarudi, lakini hakutumia lile neno alilonipa mimi, na Dhondiba alikuwa akimsikiliza kwa makini kama mtoto anayesikiliza jina lake lisomwe. Bado anakwenda huko kila baada ya muda, na mimi naenda naye. Anakubali niende. Kukaa kiti kimoja na mimi hajakubali.

Mashine ya pilipili nimeipiga nyundo ikaondoka na vichupa. Kinu cha Baba kipo. Sijakigusa, na sijui nitakifanya nini. Nikikitazama namwona yeye akiwa na kikombe chake nusu, na najikuta namtetea, halafu namkasirikia, halafu nakwenda kuchemsha tangawizi. Umesema kweli, hatujui. Nimeamua kwamba mtu asiyejua hawezi kuiuza dawa ile. Ni uamuzi mdogo, na nimeufikia kwa kuchelewa, kama nilivyofikia kila kitu.

Nimefungua tena zahanati. Natoa tangawizi, manjano, mafuta ya kukanda, na wale wenye miguu iliyovimba nawapeleka kituo cha basi. Wengi wamehamia kwa tabibu mwingine upande wa soko, ambaye naambiwa ana dawa nyekundu nzuri sana. Nilikwenda kumwona. Alinipa chai, akaniambia ya kwake inasagwa kwa mkono.

Na kila asubuhi, kabla sijamaliza kufagia, Dhondiba anaingia. Anakaa karibu na mlango, na kila mgonjwa anayeweka mguu ndani anamkamata mkono na kumweleza kuanzia mwanzo nilichomfanyia, na suruali anaikunja. Wengine wanageuka papo hapo. Wengine wanabaki, wanasikiliza mpaka mwisho, ndipo wananiletea kikohozi chao.

Nalini anasema nimfukuze, tutakufa njaa.

Benchi la wagonjwa lilikuwa linamuumiza mgongo. Nimemtolea kile kiti cha Baba.

Mdogo wako,
Bandu